Sifuri ya Mama Maziwa

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Maziwa alikuwa amekwisha kukamua mbuzi wawili na kugombana na mmoja.

"Wewe Mshitaki, simama!" alisema. "Unanishitaki kwa nani? Hakimu mwenyewe bado amelala."

Mshitaki alikuwa mbuzi mweusi aliyelia tangu alfajiri kama mtu aliyedhulumiwa. Katika banda lile kila mbuzi alikuwa na jina la utani. Dume aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu hakufanya kazi, alikula vizuri, na alimtazama kila mtu kama mtu aliyekuja kumwomba kitu. Bi Harusi alikuwa mweupe pe, mwenye madaha. Alinunuliwa mnadani miezi mitano iliyopita, akiwa na mimba. Siku alipofika, majirani walisimama ukutani kumsifu.

Hata mwenye mbuzi alikuwa na jina la utani. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi ya kliniki tu. Mtaani aliitwa Mama Maziwa. Nyumba kumi na moja zilikunywa maziwa yake, na mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Mama wa Kona, mwenye kibanda cha chai karibu na shule.

Lakini asubuhi hiyo maziwa yalikuwa machache. Na kwenye pembe ya banda, juu ya majani, kulikuwa na kitoto cha mbuzi kisicho na uhai. Hakikuwa kimetimiza miezi yake. Mshitaki alikuwa ametupa mimba.

Mama Maziwa alikaa kitako juu ya ndoo. Huyu alikuwa wa nne. Wa kwanza alikuwa Bi Harusi mwenyewe, mwezi mmoja tu baada ya kuletwa. Kisha wakafuata wengine wawili. Sasa Mshitaki.

Mama mkwe wake, Bibi, alitokea mlangoni na khanga yake begani.

"Tena?" aliuliza.

"Tena, mama."

"Basi fukia upesi kabla watu hawajaamka. Mambo ya banda hubaki bandani, mwanangu. Watu wakisikia, nani atakunywa maziwa yako?"

Mama Maziwa alichukua jembe. Alichimba nyuma ya choo, shimo fupi, kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu. Alibeba kile kitoto kwa mikono mitupu, pamoja na majani yaliyolowa. Akafukia. Akanawa mikono kwa maji kidogo, akarudi kukamua. Hakuwa mwanamke mwongo. Alikuwa mwanamke mwenye wateja kumi na mmoja.

Jikoni, Bibi alikuwa amekwisha kumimina vikombe viwili vya maziwa mabichi. Bibi hakupenda maziwa ya kuchemsha. Alisema nguvu yote huondoka na mvuke. "Maziwa yanywewe kwa moto wa mbuzi, si kwa moto wa jiko," alizoea kusema. Kikombe kimoja kilikuwa cha mwanawe, Fundi, ambaye alikuwa mgonjwa. Kingine kilikuwa cha mjukuu wake, binti mkubwa wa nyumba, aliyekuja kukaa kwa wazazi wake kwa sababu mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

"Kunywa, mjukuu wangu. Huyo mtoto anataka mifupa."

"Ahsante, bibi," binti alijibu. Akatoka na kikombe chake kwenda kukaa uani.

Fundi alikunywa chake polepole, akiwa ameegemea ukuta. Alikuwa fundi mwashi. Nusu ya kuta za mtaa ule zilijengwa na yeye, na hakuna hata moja iliyopinda. Alikuwa akibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo. Sasa mwiko wake wa kujengea ulikuwa umening'inia msumarini miezi mitatu. Homa ilimjia, ikamwacha siku nne, ikarudi. Mgongo ulimuuma. Magoti yalimuuma. Usiku alitoka jasho hadi shuka likawa la kukamua.

Kituo cha afya kilimpa dawa ya malaria. Mara ya pili alipewa dawa ya homa ya tumbo. Mara ya tatu alipewa dawa ya maumivu na pole. Kila mara alipata nafuu kidogo, kisha akarudi pale pale.

"Mama watoto," alisema asubuhi hiyo, "naona nimekuwa nyumba isiyo na msingi. Ukiziba ufa huku, unafunguka kule."

"Usiseme hivyo, baba. Utapona."

Alisema hivyo, lakini moyo wake ulikuwa umejaa hofu.

*

Siku hiyo hiyo alikuja Bi Daftari. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama mrefu, mwenye viatu vya raba na daftari lililofungwa kwa mpira. Alipita nyumba kwa nyumba. Watoto walimkimbilia. Watu wazima wengine walijifanya wamelala.

"Hodi humu!"

"Karibu, dada. Karibu kiti."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kutuandika tena?"

"Nisipowaandika ninyi nitamwandika nani? Fundi anaendeleaje?"

Alimsikiliza Fundi kwa makini. Aliuliza homa inakuja lini, inaondoka lini, viungo gani vinauma. Akaandika. Kisha akainua macho.

"Mtaa huu nina watu tisa wenye homa kama hii. Inaondoka, inarudi. Wote wametibiwa malaria. Sijaelewa bado." Akageuza ukurasa. "Na mifugo, Mama Maziwa? Siku hizi tunauliza na mifugo. Mbuzi wako hawajambo? Hakuna aliyekufa? Hakuna aliyetupa mimba?"

Mama Maziwa alitazama mikono yake. Chini ya kucha bado kulikuwa na udongo.

"Hawajambo," alisema.

"Wote?"

"Wote."

"Basi naandika sifuri." Bi Daftari aliandika sifuri moja, duara kamili, akafunga daftari lake kwa mpira. "Mkiona lolote, hata dogo, nipigieni. Homa hii inanisumbua kichwa."

Alipoondoka, Bibi alirudi jikoni. Fundi alimtazama mkewe.

"Mbona umemdanganya?"

"Nifanyeje? Wewe huendi kazini. Tunakula kwa mbuzi hawa. Nikitangaza, kesho Mama wa Kona anahamia kwa mtu mwingine."

"Sawa," Fundi alisema. "Lakini moyo wangu haujatulia."

Wake pia haukutulia. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, au ndivyo alivyojiambia.

*

Wiki iliyofuata Fundi aliamka na nafuu. Alichukua mwiko msumarini, akasema ameitwa kwenye kazi ndogo, ukuta wa jikoni tu. Kabla ya saa nne, wenzake walimrudisha wakiwa wamemshika kwapani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya matofali, akashindwa kuinuka. Alikuwa akitetemeka, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa aibu.

Mama Maziwa hakungoja. Aliita bajaji. Binti yake, na tumbo lake la miezi saba, akaingia naye kumshika baba yake.

Kwenye kituo cha afya walimkuta tabibu mpya, kijana mwenye miwani. Alisoma kadi ya Fundi kuanzia juu hadi chini. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza katika chumba kile.

"Nyumbani mnafuga nini?"

"Mbuzi," alijibu Fundi.

"Maziwa mnakunywa?"

"Kila siku. Mabichi. Mama yangu anasema ndiyo yenye nguvu."

Tabibu akaweka kalamu chini. Akamgeukia Mama Maziwa.

"Mama, kuna mbuzi wako yeyote aliyetupa mimba?"

Mama Maziwa alifungua mdomo aseme "hawajambo." Neno lilikuwa limezoea njia. Lakini tabibu alikuwa hamtazami yeye tena. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Nauliza kwa sababu kuna ugonjwa wa mbuzi na ng'ombe unaoitwa ugonjwa wa kutupa mimba," alisema. "Mnyama anatupa mimba. Mtu akinywa maziwa mabichi, au akishika kile kilichotoka kwa mikono mitupu, naye anaugua. Homa inakuja na kuondoka. Jasho. Viungo. Unafanana na malaria, lakini dawa ya malaria haiuponyi. Na mwanamke mwenye mimba akiupata, mimba yake inaweza kuharibika."

Binti aliweka mkono juu ya tumbo lake.

Mama Maziwa aliutazama mkono ule.

"Wanne," alisema.

"Wanne nini, mama?"

"Mbuzi wanne wametupa mimba. Vitoto nimevifukia kwa mikono hii. Nimeficha." Akaanza kulia, waziwazi, bila kujifunika uso. "Niliambiwa niseme. Nikasema hawajambo."

Tabibu hakumgombeza. Aliandika vipimo, Fundi na wote waliokunywa maziwa watolewe damu, ipelekwe maabara. Kisha akasimama.

"Twende kwa bwana mifugo," alisema. "Ofisi yake iko hapo nyuma."

Ofisi ya mifugo ilikuwa ndani ya uzio ule ule wa kituo cha afya. Mama Maziwa alihesabu hatua: arobaini. Bwana mifugo alikuwa mzee mnene mwenye buti za mpira, anakula karanga juu ya meza ya makaratasi. Aliposikia habari, aliacha karanga.

"Kaa, mama. Nikuonyeshe kitu."

Aligeuza kompyuta yake ili wote waone. Kulikuwa na jedwali. Upande mmoja majina ya mitaa. Upande mwingine wiki.

"Zamani kila mtu alikuwa na daftari lake," alisema. "Tabibu aliandika watu. Mimi niliandika mifugo. Mtu wa maji aliandika visima. Maabara nao na lao. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ofisi hizi mbili ziko hatua arobaini, lakini miaka yote karatasi haikuwahi kuzitembea. Mwaka huu nchi nzima imeanza mfumo mmoja. Taarifa zote zinaingia mahali pamoja, kuanzia mtaani hadi makao makuu. Watu wakiugua huku na mbuzi wakiugua huko, mtu mmoja anaviona vyote kwa pamoja."

"Sasa mbona hakuna aliyeona?" aliuliza Fundi kwa sauti dhaifu.

Bwana mifugo aliweka kidole kwenye mstari wa mtaa wao. Upande wa watu palikuwa na namba: homa, homa, homa, tisa kwa jumla. Upande wa mifugo palikuwa na sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, hadi mwisho.

"Kwa sababu ya hizi," alisema. "Mfumo ukiona watu tisa wana homa na mbuzi kumi wametupa mimba mahali pamoja, unapiga kelele. Ukiona homa na sifuri, unanyamaza. Mwezi uliopita vifaa vya kupima mifugo vilipelekwa wilaya nyingine. Sisi tulisema hatuna tatizo."

Mama Maziwa alisogea karibu. Alitafuta wiki iliyopita kwa kidole. Akaiona. Duara kamili.

"Sifuri hii ni yangu," alisema.

"Si yako peke yako," alisema tabibu. "Na sisi tumekosea. Tuliandika 'homa' tukafunga kadi. Hatukuuliza kuhusu wanyama. Na wiki nyingine nafasi iliachwa tupu, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuangalia, halafu mtu huko juu akajaza sifuri. Nafasi tupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, hakuna. Nafasi tupu maana yake sijui."

"Basi ifute," alisema Mama Maziwa. "Andika nne."

Bwana mifugo aliandika nne. Kisha akashusha pumzi.

"Nne ni mwanzo. Lakini banda moja halileti vifaa kwa haraka. Nahitaji kujua mtaa mzima una ngapi. Nimepita mara mbili. Kila mlango wanasema hawajambo."

Mama Maziwa alifuta macho kwa ncha ya khanga. Uso wake ulibadilika. Fundi aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa siku alipoamua kufuga mbuzi wakati kila mtu alisema atafeli.

"Itisheni mkutano," alisema. "Mimi nitasema kwanza."

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi, katika darasa la shule. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Bi Daftari alieleza ugonjwa. Bwana mifugo akauliza nani ameona mbuzi akitupa mimba. Watu walitazama dari. Ungedhani dari ile ilikuwa na picha.

Mama Maziwa alisimama. Aliikaza khanga yake kiunoni.

"Mimi ni Mama Maziwa. Mnanijua. Mbuzi wangu wanne wametupa mimba. Nilificha. Mume wangu ameugua miezi mitatu, na binti yangu ana mimba ya miezi saba, tunangoja majibu yake. Nimewauzia maziwa nikijua kuna kitu hakiko sawa. Naomba radhi. Kuanzia leo siuzi hata tone mpaka mbuzi wapimwe."

Darasa lilinguruma. Mama wa Kona alisimama kwa kishindo hadi dawati likamfuata.

"Toba! Mama Maziwa! Mimi na kibanda changu! Watoto wa shule wanakunywa chai yangu!"

"Chai unachemsha, dada?" aliuliza Bi Daftari upesi.

"Nachemsha mpaka inafura!"

"Basi chai yako haina neno. Maziwa yakichemka vizuri, ugonjwa unakufa. Hatari ni maziwa mabichi."

Mama wa Kona alikaa, lakini hakumtazama Mama Maziwa. Aliutazama ukuta. Mama Maziwa alijua amekwisha kumpoteza.

Kisha kinyozi wa mtaa, ambaye kwa kawaida huongea kuliko redio, alikohoa.

"Mimi... wawili," alisema. "Nilidhani nimerogwa."

"Watatu," alisema mama mmoja nyuma.

"Mmoja. Na ng'ombe wa shemeji yangu."

Wengine wakafuata. Bwana mifugo aliandika haraka, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza herufi. Alipomaliza, walikuwa kumi na tisa, katika mabanda manane. Bi Daftari aliweka orodha yake ya wagonjwa pembeni. Wagonjwa wote tisa walitoka kwenye mabanda yale, au walinunua maziwa huko.

"Kumi na tisa," alisema bwana mifugo. "Sasa utasikia kelele."

*

Na kelele zilisikika. Jumatatu taarifa iliingia kwenye mfumo. Jumatano daktari wa mifugo wa wilaya alifika na vifaa vya kupima. Makao makuu waliona jambo lingine ambalo mtaa usingeliona kamwe. Wilaya mbili za mbali zilikuwa na hesabu kama yao, watu wenye homa na mbuzi waliotupa mimba. Walipouliza mbuzi wale walinunuliwa wapi, jibu lilikuwa moja. Mnada ule ule alikotoka Bi Harusi. Tangu wiki hiyo, mbuzi hawakuingia mnadani bila kupimwa.

Majibu ya watu yalikuja. Fundi alikuwa na ugonjwa ule. Tabibu alimpa dawa za aina mbili.

"Wiki sita, Fundi. Bila kuruka siku. Utajisikia vizuri mapema, lakini usiache. Ukiacha katikati, unarudi."

"Wiki sita? Mimi nimejenga nyumba kwa wiki sita."

"Basi jenga hii nayo."

Bibi pia alikutwa nao, ila hakuwa ameugua sana. Akapewa dawa. Mama Maziwa alikuwa salama, jambo lililomshangaza hata tabibu. Kisha tabibu akashika karatasi ya binti. Mama Maziwa alishika ukingo wa meza.

"Huna," tabibu alisema. "Huna kabisa."

"Haiwezekani!" alisema Bibi. "Nimempa kikombe kila asubuhi kwa mkono wangu!"

Binti aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, bibi. Harufu yake ilinitapisha. Nilikuwa nakimwaga uani, nyuma ya pipa."

Bibi alivuta khanga yake kutoka begani. Kisha akaanza kucheka, akicheka huku analia, akimpiga mjukuu wake begani kwa khanga. "Mtoto mwongo wewe! Mungu akubariki kwa uongo wako!"

Wote walicheka, isipokuwa Bi Daftari, aliyekuwa amewasindikiza; yeye alitabasamu kidogo tu.

"Hii ni bahati," alisema. "Nafurahi. Lakini bahati haina ofisi, huwezi kuipigia simu. Mwingine hatatapishwa. Mwingine atakunywa."

Maneno hayo yalimkaa Mama Maziwa.

Mbuzi wanne wa banda lake walikutwa na ugonjwa. Waliondolewa. Bi Harusi alikuwa mmoja wao, na alipopandishwa garini kwa madaha yake yale yale, Mama Maziwa aliingia ndani asione. Mheshimiwa alipimwa akawa mzima, akazidi kuringa. Mshitaki naye, kwa kushangaza, alikuwa mzima. Mimba yake ilikuwa imetoka kwa sababu nyingine. Waliobaki walitengwa na kupimwa tena baadaye. Banda lilisafishwa, na nyuma ya choo mafundi walichimba upya shimo refu na kumwaga chokaa.

Mama Maziwa alijifunza mambo, na hakuona haya kujifunza. Mbuzi akitupa mimba, usiguse kwa mikono mitupu. Vaa glovu, au hata mifuko ya nailoni mikononi. Zuia mbwa na kuku wasifike. Chimba chini sana. Nawa kwa sabuni. Na kabla ya yote, toa taarifa. Maziwa yote yachemshwe, pamoja na ya Bibi.

"Yana ladha ya sufuria," Bibi alilalamika.

"Ndiyo ladha ya uzima, mama."

Kisha akaenda kwa Bi Daftari.

"Unapita mtaa mzima peke yako," alimwambia. "Nipe nusu."

Hivyo kila Jumatatu, baada ya kukamua, Mama Maziwa alipita mabanda kumi na matatu. Hakuuliza mlangoni. Aliingia ndani, akainama, akahesabu. Kisha alituma ujumbe kwenye namba moja, ile ile ambayo tabibu, bwana mifugo na makao makuu waliisoma. Wiki nyingine ujumbe wake ulikuwa "Sifuri." Lakini ilikuwa sifuri aliyoitembelea kwa miguu yake, na tope lilikuwa kwenye viatu vyake kuthibitisha.

*

Binti alijifungua msichana, mwenye mapafu ya Mshitaki. Fundi alimaliza dawa zake wiki sita kamili. Asubuhi moja aliuondoa mwiko msumarini, akatoka akipiga mluzi, na jioni akarudi amechoka uchovu wa kazi, ambao ni mtamu. Mbuzi walipimwa wakawa salama. Wateja walirudi mmoja mmoja, saba kati ya kumi na mmoja. Wa mwisho kurudi alikuwa Mama wa Kona. Alileta dumu, akachukua lita mbili, akaondoka.

Halafu, miezi minane baada ya ule mkutano, Mama Maziwa aliingia bandani akamkuta Mshitaki amelala kimya. Kimya hicho tu kilimwambia. Pembeni, juu ya majani, kulikuwa na kitoto kisicho na uhai.

Alisimama pale. Jua lilikuwa halijatoka. Hakuna aliyekuwa ameamka. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, pale pale lilipokuwa mwaka uliopita.

Bibi alitokea mlangoni. Akaona. Wakatazamana.

"Mwanangu," Bibi alisema taratibu, "glovu ziko juu ya kabati. Nikuletee na simu?"

"Niletee, mama."

Aliandika ujumbe akiwa amesimama bandani. *Moja. Banda langu.* Akautuma. Kisha akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa na kukitundika mlangoni: LEO MBUZI WANGU AMETUPA MIMBA. SIUZI MAZIWA MPAKA MAJIBU YATOKE.

Bwana mifugo alifika kabla ya saa mbili, akachukua damu. Mama Maziwa alikaa uani kungoja watu waje kumsema. Kwanza alikuja Mama wa Kona, dumu mkononi. Alisoma boksi, midomo ikitembea.

"Siuzi leo, dada," alisema Mama Maziwa. "Pole. Nenda kwa mwingine."

"Kwa nani?" Mama wa Kona aliuliza. "Mwingine hana boksi mlangoni. Nitajuaje banda lake lina nini?"

Akaweka dumu lake chini, ukutani. "Naliacha hapa. Majibu yakitoka, mimi ni wa kwanza kwenye foleni. Asinipite mtu."

Mchana lilikuja dumu la pili. Kisha chupa. Kisha sufuria yenye mfuniko, ya kinyozi. Hadi jioni vyombo kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa ukutani, hata vya wale wanne ambao hawakuwa wamerudi, vitupu, vikingoja. Mama Maziwa alivitazama, akalia tena, lakini safari hii hakuwa na hofu.

Ijumaa bwana mifugo alipiga simu. Damu ilikuwa safi. Huenda Mheshimiwa alimpiga Mshitaki pembe tumboni, basi. Kesi ya nyumbani.

Jumatatu Mama Maziwa alipita mabanda yake kumi na matatu. Aliingia, akainama, akahesabu. Akatuma ujumbe: *Sifuri.* Kisha akarudi nyumbani, akachemsha maziwa mpaka yakafura, akachukua dumu la kwanza kwenye mstari.